Bendera Nisiyo na Haki Nayo

Norwei, pwani ya magharibi,
Jumatatu asubuhi

Dada Yuliana, shikamoo.

Najua umeitikia kabla hata hujaiweka miwani vizuri puani. Nami nimeisikia hiyo marahaba yako, ile unayoivuta kidogo mwishoni.

Ninaandika kwa herufi kubwa na taratibu ili usome mwenyewe. Nakuomba usimpe mjukuu akusomee. Ukifika mwisho na ukaona wengine nao wasikie, wasomee wote, hata kanisani ukitaka. Lakini kwanza soma peke yako, mchana, ukiwa umekaa.

Magoti yanaendeleaje? Boay aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unashika fimbo ukienda kisimani, na kwamba ukiona mtu anakuja unaificha kwenye mahindi. Iache fimbo ionekane, dada. Umri wako si wa kumwonea mtu aibu. Aliniambia pia kwamba mvua ya Maretadu ilikuwa nzuri kwa mahindi, ila maharage yamekaa kwenye maji yakawa ya njano. Pole sana. Natumaini yale ya upande wa juu, karibu na nyumba, yamepona.

Mimi siwezi kusema sijambo. Moyo umechoka. Miguu inavimba jioni, na nikilala chali napumua kama mtu aliyepanda mlima. Juzi daktari, binti mdogo kuliko Tekla wangu, alivuta kiti akakaa karibu nami. Daktari wa huku akivuta kiti ujue kuna neno. Akaniambia, "Mzee, mambo yako ya mwaka kesho yafanye mwaka huu." Nilimshukuru. Tangu siku hiyo nimefanya mawili, na la pili ni barua hii. Ninaiandika kwa vipande, nikichoka naweka kalamu chini, kwa hiyo ukiona mwandiko unabadilika usishangae.

Jambo lenyewe lilianza na boti. Najua unacheka. Mara ya kwanza nilipokwambia nina boti ulisema, "Wewe? Wewe uliyekuwa unalia mto ukijaa, mpaka nikubebe mgongoni na mbuzi nimewashika mkononi?" Nikasema ndiyo, mimi huyo huyo. Ukasema, "Basi huko Ulaya hawana watu wengine wa kuwapa boti."

Ni boti ya matanga, urefu wake mita tisa. Niliikuta imetupwa nyuma ya karakana nilikofanya kazi ya kutengeneza injini kwa miaka yangu yote. Mimi na Tekla tumeikarabati majira ya baridi sita, mbao kwa mbao, na injini niliijenga upya kwa mikono hii inayotetemeka sasa. Mama yake Tekla alikuwa hai tulipoanza. Sasa imekamilika, na Tekla anataka majira haya ya joto aiendeshe mpaka Ureno, yeye na rafiki yake. Nilimwambia aende. Nataka kuiona inaondoka nikiwa bado natazama.

Sasa, hapa karibu na nyumbani tunazunguka nayo na hakuna anayeuliza kitu. Lakini boti ikienda kwenye nchi za watu ni kama binadamu. Inaulizwa, wewe ni wa wapi? Lazima iwe imeandikishwa katika nchi moja, ipeperushe bendera ya nchi hiyo, na ifuate sheria zake. Ikipata shida baharini, nchi hiyo ndiyo inayoulizwa. Boti isiyo na nchi haina mtu wa kuitetea.

Tulimwita wakala mmoja anayeshughulika na karatasi hizo. Alikuja na begi, akatandaza picha za bendera mezani kama muuza vitenge. Akaniambia boti ya mtu binafsi si lazima iandikishwe anapoishi mwenye boti, mtu anaweza kuchagua. Akaweka kidole kwenye kisiwa kimoja cha mbali na kusema hiki ndicho watu wengi wanakipenda, hawana maswali mengi.

"Umewahi kufika huko?" nilimwuliza.

"Hakuna mteja wangu aliyewahi kufika," alisema. "Ndio uzuri wake."

Tekla alicheka. Nami nilicheka, kwa sababu miaka arobaini nimefungua injini za boti za matajiri zenye majina ya visiwa nyuma yake, na wenyewe hawawezi kukuonyesha kisiwa hicho kwenye ramani. Nilikuwa nawadharau. Nilikuwa nasema, mtu gani anachukua jina la nchi kwa faida yake bila kuishi chini yake? Kumbuka maneno hayo dada, yataniangukia mwenyewe baada ya muda mfupi.

Nikamwambia wakala kwamba mimi nimeshachagua. Nataka Tanzania.

"Baba," Tekla alisema, "boti haijawahi kuiona Tanzania."

"Mimi nimeiona."

"Lakini Baba, mimi ndiye nitakayeulizwa bandarini."

"Watakaokuuliza waambie baba yako ni mtu wa Nambis. Waambie milima."

Hakubishana. Aliona jinsi nilivyolitaka jambo hilo. Nililitaka kweli. Nilishaiona ile kijani na ile bluu ikipita mbele ya dirisha langu, majirani wakiuliza ni ya nchi gani, nami nikijibu bila kuinuka kitini.

Fomu zilikuja kutoka nyumbani kwa njia ya simu, Tekla akazichapa. Jina la chombo: nikaandika Yuliana. Hilo lilikuwa limekwisha kuamuliwa siku nyingi, hukuambiwa tu. Bandari ya nyumbani: nikaandika Nambis. Utaona mwenyewe lilivyowachekesha. Halafu mstari uliofuata ulisema: uraia wa mmiliki.

Hapo kalamu ilisimama. Nilimwambia Tekla macho yamechoka, tutaendelea kesho.

Kesho yake nikampigia Boay, mtoto wa kaka yetu marehemu. Yule unamjua, akili yake inakimbia kuliko miguu yake. Yupo pale Katesh na duka lake la vipuri, na ndiye anayelima shamba la Nambis kwa niaba yangu. Nikamwambia naona tabu kidogo kuandikisha boti kwa jina langu kwa sababu niko mbali. Hakuniuliza tabu gani. Alisema hapo hapo, "Baba mdogo, mbona rahisi? Iwekeshe kwangu."

Na mimi, mtu mzima niliyesoma, niliyeishi na sheria za bahari maisha yangu yote, nikaona ni wazo zuri. Usinishangae. Sisi sote tumekulia humo. Baba alikuwa na ng'ombe Dongobesh, na wengine Hirbadaw, na wengine hatukujua wako wapi mpaka alipokufa. Ng'ombe anakaa kwenye boma la mwenzako, mwenzako anakamua maziwa na kuchukua mbolea, ndama anazaliwa ni wako. Mtu akipita pale anadhani ni ng'ombe wa mwenye boma. Hakuna karatasi, na hakuna anayeona kwamba ni uongo. Nilimweleza Tekla desturi hiyo kwa fahari kabisa. Akaniuliza, "Na kama mwenye boma akiulizwa ng'ombe ni wa nani, anasema nini?"

Nikamwambia, "Inategemea anayeuliza."

Basi fomu zikaenda kwa jina la Boay. Mmiliki: Boay, mfanyabiashara, Katesh. Baada ya siku chache karani wa ofisi ile akampigia, dada mmoja mwenye sauti ya upole. Boay alinisimulia mazungumzo yao neno kwa neno, na nakuandikia kama alivyosema.

"Wewe ndiye unayemiliki boti ya matanga ya mita tisa?"

"Ninayo, ndiyo. Yaani ninayo kwa kuwekeshwa."

"Umewekeshwa na nani?"

"Na baba mdogo. Yuko Ulaya. Ni kama ng'ombe, dada. Ng'ombe ni wake, mimi ni mlezi."

"Na wewe unapata nini?"

"Kwa kawaida mlezi anapata maziwa."

"Maziwa ya boti?"

"Sasa hilo dada, hata mimi nilimwuliza."

"Umewahi kuiona hiyo boti?"

"Kwenye simu."

"Na hii bandari ya nyumbani, Nambis. Nambis iko wapi?"

"Mbulu, huku juu. Kuna baridi sana."

"Kuna maji?"

"Kuna kisima kipya cha kijiji."

Boay anasema yule dada alicheka mpaka akaweka simu chini kidogo. Aliporudi alisema kwa heshima kwamba hawezi kuandika jina la mtu asiye mwenye mali, sheria inataka mwenyewe. "Mwambie baba mdogo aandike jina lake. Kama ni Mtanzania hakuna shida yoyote."

Boay akanipigia akiwa bado anacheka. Akasema, "Basi andika jina lako baba mdogo, yaishe. Shida iko wapi?"

 Yeye akadhani mtandao umekatika, akawa anaita, "Haloo? Haloo?" Nilikuwa namsikia vizuri kabisa.

Dada, nilimwambia. Na sasa nakwambia wewe, ingawa ilipaswa wewe uwe wa kwanza.

Mimi si Mtanzania. Niliacha uraia wa nchi yetu zamani, Tekla akiwa mchanga. Huku wakati ule hawakuruhusu mtu awe na uraia wa nchi mbili, na kwetu hawaruhusu mpaka leo kwa mtu mzima. Nilikula kiapo mchana mmoja katika ofisi yenye mazulia, nikapewa karatasi, nikanunua keki nikaenda nayo nyumbani. Pasipoti yangu ya zamani ilipaswa kurudishwa ubalozini. Sikuirudisha. Niliificha ndani ya kopo, nami nikaendelea kusema kila mahali, na kwenu nyote, kwamba mimi ni Mtanzania anayefanya kazi nje.

Unakumbuka nilipokuja kumzika mama? Ulinisubiri uwanja wa ndege, abiria wote wakatoka, ukaanza kuogopa. Nilipotoka uliuliza kwa nini nimechelewa, nikasema mizigo. Haikuwa mizigo. Nilikuwa kwenye foleni ya wageni, nasubiri viza.

Wengi wamebadilisha uraia na sio dhambi. Kama ni hilo tu, ningekuandikia mistari miwili. Kosa langu liko mahali pengine, na unalijua upande mmoja. Mimi nakwambia upande wa pili.

Mumeo alipofariki kule Hirbadaw, ndugu zake walitaka mmoja wao akurithi. Ukakataa. Wakakutoa na watoto watatu, Paskali akiwa bado ananyonya. Uliniandikia barua. Ninayo mpaka leo. Ulisema, "Mdogo wangu, mji wa baba pale Nambis umekaa bure tangu mama ahamie kwa kaka, nyumba imefungwa. Najua kwa desturi ni wako kwa kuwa wewe ndiye kitinda mimba. Naomba nikae na watoto mpaka wakue. Sitahamisha hata jiwe la mpaka."

Na mimi nilijibu. Sihitaji kuiona barua yangu, naikumbuka yote. "Dada, pole kwa msiba. Lakini shamba la Nambis ni langu na lisiguswe. Narudi kujenga. Mwanamke akishaingia na watoto, kumtoa ni ugomvi." Nikaweka sahihi.

Barua hiyo niliiandika miezi miwili baada ya kiapo. Miezi miwili, dada. Siku nilipokuandikia shamba ni langu, kwa sheria ya nchi yetu nilikuwa mgeni, na mgeni hamiliki ardhi. Nilijua. Nilikuwa nimesoma karatasi zote kabla ya kutia sahihi, mimi si mtu wa kutia sahihi bila kusoma. Na kurudi kujenga nilikuwa nimeshajua kwamba sirudi.

Ukaenda Maretadu, ukakaa kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya katekista, ukalima mashamba ya watu mpaka ulipopata kipande chako. Na hukuwahi kunitajia. Nilipokuja kwenye mazishi ya mama ulinipa kitanda chako, wewe ukalala na watoto chini. Asubuhi yake nilikwenda Nambis, nikazunguka mipaka yote ya shamba kwa miguu, nikahakikisha majirani hawajasogea. Jioni nilirudi kwako, ukanipikia makande, ukaniuliza kama nimekuta mji wa baba uko salama. Nikasema uko salama.

Nimejiuliza kwa nini nilifanya vile. Sikuwa na njaa ya shamba. Sikuwahi kula hata gunzi moja la pale. Nadhani ni hivi: siku ile nilipotoka kwenye ile ofisi na karatasi yangu mpya, niliogopa. Nilijiona nimebaki bila pa kwetu. Nikashika shamba kama mtu anayeshika mlango wa gari linaloondoka. Nilitaka mahali popote duniani niweze kusema hapa ni pangu, hata kama sifiki, na ukikaa wewe pale, pangekuwa pako, kwa sababu wewe ndiye unayefagia, unayepanda, unayezika. Basi nikakufungia mlango, ili mimi niwe na jina la kutaja kwenye karamu za watu wa huku. Wenye boti walichukua jina la kisiwa wasichokijua ili wapate faida. Mimi nilichukua jina la Nambis, na faida yangu niliitoa kwenye mgongo wako na wa watoto wako.

Sisemi unisamehe. Neno hilo ni lako, utalisema au hutalisema, na mimi sitaliuliza.

Nilipomaliza kumwambia Boay, hakucheka tena. Nikasikia watu wanauliza bei za beringi dukani kwake naye hawajibu. Halafu akasema, "Kwa hiyo shangazi alilala kwa watu kwa ajili ya shamba la Mzungu?"

Nikasema, "Ndiyo."

Akasema, "Nitakwenda kumwambia leo hii. Nafunga duka."

"Hapana," nikamwambia. "Nitamwandikia mwenyewe. Wewe utakwenda baada ya yeye kusoma, sio kabla."

"Na ukifa kabla hujaandika?"

"Basi ukatishe kila kitu ukamwambie. Lakini sitakufa wiki hii, nimeshakataa."

Tekla naye nimemwambia. Alikuwa anaosha vyombo, akafunga maji. Aliuliza maswali mawili tu: Paskali alikuwa na umri gani, na ulikaa kwa katekista kwa muda gani. Nilipomjibu alikausha mikono, akaniletea karatasi hizi ninazoandikia, akasema boti inaweza kusubiri.

Haikusubiri. Siku ile ile, kabla hata ya kuanza barua hii, nilimwita wakala arudi. Nikaandika upya fomu. Uraia wa mmiliki: Norwei. Bendera: Norwei. Bandari ya nyumbani: mji huu ninaokaa, ambamo niliapa na ambao umenitibu na utanizika.  Wakala alisema, "Naona umebadilisha mawazo, mzee." Nikamwambia sikubadilisha mawazo, nimesema kweli. Ile pasipoti ya kwenye kopo nimempa Tekla aipeleke ubalozini kwa mkono wake. Jina la chombo sikubadilisha. Kama hulitaki niambie, tutalifuta, rangi ipo.

Sasa sikiliza kwa makini dada, hili ndilo lililonifanya nikaze mkono mpaka ukurasa huu.

Siwezi kukupa shamba la Nambis. Mtu hutoa kilicho chake, na hili si langu, halijawa langu tangu Tekla akiwa mchanga. Ninachoweza ni kuondoka juu yake. Nimeandika barua mbili zinazofanana kwa serikali ya kijiji, kwamba mimi si raia, kwamba sina dai lolote, na kwamba mtoto pekee wa baba aliyebaki ambaye ni raia wa nchi hii ni wewe. Tekla amezipeleka mbele ya mwanasheria zikapigwa muhuri. Moja iko ndani ya bahasha hii, nyingine inakwenda kwa Boay. Atakuja kukuchukua na pikapu yake, mtakwenda wote Nambis kwa mwenyekiti, na majirani wa pande zote nne wataitwa wasimame mpakani. Boay ameapa atasema mbele yao kwamba alikuwa analima kwa niaba yangu na sasa halimi tena. Ngano yake bado iko shambani, na anaomba aivune. Nimemwambia amwombe mwenye shamba.

Atakuwepo mzee wa kusema mtoto wa kike hana sehemu katika mji wa baba yake. Hakosekani. Usimjibu. Boay amwombe mwenyekiti asome aya ya pili ya barua yangu kwa sauti. Hapo nimeandika nani aliacha shule darasa la nne akachunge ng'ombe ili mimi nisome, nani alimwosha baba miezi ile ya mwisho, nani alisimamia mazishi ya mama, na yule mtoto wa kiume alikuwa wapi na alikuwa raia wa wapi siku hizo. Baada ya hapo kama ana neno, aniandikie mimi. Nitajibu kama nipo.

Usisubiri nife ndipo uende. Nenda ukimaliza kusoma, nenda na fimbo yako. Ufunguo wa nyumba ya baba uko kwa Boay. Kama unaona umeshazoea Maretadu na huna haja ya kuhama katika umri huu, mpe Paskali shamba, au mkodishie mtu, au lipande miti lote. Huna hesabu ya kunipa mimi.

Limebaki moja. Tangu mazishi ya mama nilikuwa nimejitengea mahali pa kuzikwa, chini ya baba na mama, upande wa mteremko. Mwaka ule niliweka hata mawe manne pale, na nilikuambia usiruhusu mtu alime. Yang'oe mawe hayo. Nimemwambia Tekla kwamba mwili wangu utazikwa huku, katika makaburi ya parokia yetu, na nimeshasaini. Isipokuwa mwenye shamba aseme vingine. Hilo ni ombi, dada, la mgeni kwa mwenye mji. Ukisema hapana, ni hapana, na sitanung'unika huko niliko. Ukinyamaza, nitachukua kwamba ni hapana.

Nisalimie Paskali, fundi wetu seremala, na mkewe anayenitumia picha za watoto. Nisalimie dada zake wawili, yule mwalimu wa Haydom na yule wa Babati, uwaambie mjomba wao atawaandikia kila mmoja barua yake, maana nao walilala chini. Mpe shikamoo yangu mjane wa katekista kama yuko hai, na umwambie nashukuru kwa kile chumba cha nyuma, nimechelewa tu. Wajukuu wote wabusu. Boay nimeshamsalimia kwa maneno makali na yeye amenijibu vivyo hivyo, tumemalizana.

Tekla anakusalimu kwa Kiswahili chake cha shida, anasema, "Shikamoo shangazi, nakuja." Ameshaamua, akirudi kutoka Ureno atakuja kukuona, na atapanga foleni ya wageni.

Nimechoka sasa. Ninaweka kalamu.

Ni mimi mdogo wako,
Gabrieli,
raia wa Norwei.